Mwacheni mwanachuo aimbe, ila aimbe kwa ratiba

Ndugu Mhariri,

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, kijana hufungiwa begi huku akipewa wosia uleule: ukifika huko, mambo ya kwaya na bendi weka kando, kilichokupeleka ni kitabu. Wosia huo hutoka kwa wazazi wenye nia njema, na hofu yao ina msingi. Wapo wanachuo wanaomaliza muhula na sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, na ukiuliza kulikoni unaambiwa, "Huyo alikuwa mtu wa kwaya sana." Sisi tunaofundisha kwaya za wanafunzi tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kinachomwangusha mwanafunzi wa namna hiyo. Kuimba hakumwangushi. Kinachomwangusha ni kikundi kisicho na ratiba, kisichosoma nota, kinachotaka kumaliza kwa wiki moja kazi ya miezi miwili.

Tuanze na saa. Katika vyuo vyetu krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi, za darasani na za nje ya darasa, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za mihula miwili, unapata saa 40 kwa wiki. Kwaya inayofanya mazoezi mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila mara, inachukua saa 3. Weka na saa 2 za kuimba Jumapili, zinakuwa 5. Hata ukimlaza mwanafunzi saa 8 kila usiku, bado anabaki na saa 67 za kula, kufua, kusubiri daladala na kukaa na wenzake. Nafasi ipo.

Hesabu hii huvurugika pale kikundi kinapoalikwa kwenye tamasha, siku zimebaki sita na nyimbo nne hazijashikwa. Hapo yanaanza mazoezi ya kila jioni, kisha ya mpaka saa 5 usiku, kisha mkesha. Na kwa kuwa matamasha mengi ya wanafunzi hupangwa mwisho wa muhula, wiki hiyo ndiyo ya test na ya kukusanya kazi. Ukifuatilia mkesha huo ulikotoka, unafika wiki ya pili ya muhula, siku ambayo viongozi walitakiwa waketi na kalenda ya chuo mezani na hawakuketi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayependa kuimba tunamwambia aingie mapema. Wengi hujipa moyo kwamba watajiunga mwaka wa pili wakishazoea chuo. Mwaka wa pili sauti zimeshajaa, nyimbo za msingi zimeshafundishwa, na yeye anakuwa mgeni miongoni mwa watu waliozoeana. Wiki mbili za mwanzo ndizo vikundi vinapotafuta watu. Katika vyuo vingi njia rahisi ni vyama vya kidini vya wanafunzi kama USCF, TMCS, CASFETA na TUCASA, ambavyo huwa na kwaya zao, na kwa wanafunzi Waislamu ni vikundi vya kaswida. Asiyetaka upande huo aulizie kwenye ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au serikali ya wanafunzi kama kuna kikundi cha ngoma au bendi kilichosajiliwa. Chuo chenye idara ya sanaa, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), kina watu na ala ambavyo wanafunzi wa fani nyingine hawavijui kwa sababu tu hawajawahi kupita mlango ule.

Kabla ya kuandika jina lako, uliza mambo manne. Mazoezi ni siku gani na yanaisha saa ngapi? Mnasimamisha mazoezi wiki ngapi kabla ya mitihani? Mnafundisha kwa nota au kwa kusikiliza? Michango ni kiasi gani na nani anaitolea hesabu? Kiongozi anayejibu "tutaona" kwenye maswali mawili kati ya hayo ana kikundi kizuri cha kutembelea, lakini si cha kujiunga. Swali la saa ya kumaliza ni zito zaidi kwa mabinti wanaoishi nje ya chuo. Mazoezi yaishe saa 2:30 usiku, na iwe ndiyo saa ya kutoka mlangoni. Ikiwa ndiyo saa ya kuanza sala ya kufunga na matangazo, msichana wa hosteli ya mbali atafika kwake saa 4.

Siku ya kupimwa sauti wengi huogopa bure. Mwalimu hakutafutii makosa, anatafuta mahali pa kukuweka. Kwa wanawake huanza kwenye C ya katikati ya kinanda, unaimba d r m f s f m r d (do, re, mi, fa, so na kurudi), anapandisha nusu hatua, unarudia. Anayeifikia G ya pili juu ya C hiyo bila kuinua kidevu na bila mishipa ya shingo kusimama ni soprano. Ambaye G iliyo chini ya C ya katikati inasikika kwake ikiwa imejaa ni alto. Kwa wanaume huanza C ya chini zaidi. Anayepanda hadi F au G iliyo juu ya C ya katikati bila kukaba koo ni tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume), na anayeshuka hadi F ya chini kabisa ikasikika ni besi. Vijana wengi wa miaka 19 na 20 wako katikati ya hizo mbili, na hapa ndipo makosa hufanyika. Kwa kuwa tena ni adimu, kijana mwenye sauti ya katikati husukumwa juu, anaimba kwa kukaba muhula mzima, na ukifika mwezi wa nne amekauka. Kwaya ya watu 28 inasimama vizuri ikiwa na soprano 8, alto 7, tena 6 na besi 7. Tena 4 wanaoimba kwa raha ni bora kuliko 6 wanaopiga kelele.

Sasa nota. Hapa tunaomba wasomaji watuvumilie, kwa sababu ndipo saa nyingi za wanafunzi zinapoibwa. Kikundi kinachofundisha kwa kusikiliza hutumia mazoezi matatu kwa wimbo mmoja ambao wasomaji wa nota wangeushika kwa zoezi moja na nusu. Sauti ya kumbukumbu kwenye kundi la WhatsApp inasaidia, lakini baada ya kufundishwa. Ikiwa ndiyo mwalimu, kosa la mtu mmoja aliyerekodi linakuwa la watu saba, nao watalishikilia kwa sababu "ndivyo lilivyo kwenye simu".

Nota za d r m zilizoletwa na wamisionari kutoka Uingereza hazihitaji mistari mitano wala kinanda. Mwanafunzi anayesoma hesabu za mwaka wa kwanza anazimudu kwa mazoezi manne. Chukua kipande hiki cha mapigo mawili:

| d : r | m : – | s .f : m .r | d : |

Mstari wa wima hutangulia pigo zito, nukta mbili hutangulia pigo jepesi. Nukta moja hugawa pigo katika nusu mbili, kwa hiyo s na f zinagawana pigo moja, na m na r vivyo hivyo. Mkato hugawa nusu kuwa robo. Kistari hurefusha noti iliyotangulia, basi m inaimbwa mapigo mawili. Palipo patupu, kama baada ya d ya mwisho, ni kimya, na kimya kinahesabiwa kama noti. Kialama kidogo juu ya herufi kinaipeleka oktavu ya juu, chini kinaishusha. Ukikuta fe, ni f iliyopandishwa nusu hatua. Se ni s iliyopandishwa. Ta ni t iliyoshushwa. Juu ya ukurasa imeandikwa doh ni G au F au Eb: huo ndio ufunguo, na d yenu inahamia hapo. Yaliyobaki ni mazoezi.

Makosa ya wanaojifunza yanafanana. La kwanza ni kuimba herufi sahihi kwa muda usio sahihi, kwa sababu wanaisoma s na kupuuza nukta iliyo mbele yake. Dawa ni kusoma mapigo kwa makofi kwanza, bila sauti, kisha kwa kutamka herufi bila kuimba, kisha kuimba herufi, na maneno yaje mwisho kabisa. Wanaokimbilia maneno hurudi nyuma baadaye. Kosa la pili ni kwenye kubadili ufunguo katikati ya wimbo, pale ambapo noti moja ina jina la zamani na jina jipya. Hapo mwalimu asimame, iimbwe kwa jina la zamani, ishikiliwe bila kukata pumzi, iitwe jina jipya, ndipo wimbo uendelee. Ukipaparuka juu yake, kwaya nzima itaingia ufunguo mpya kwa kubahatisha.

Dakika 90 tunazigawa hivi: 10 za kupasha sauti, 10 za kusoma nota ubaoni, 40 za kuchukua sauti kila kundi peke yake, 20 za kuunganisha, 10 za wimbo wa zamani na matangazo. Zile 40 zinahitaji nafasi. Besi wanaweza kukaa chini ya mti, alto kwenye ngazi, soprano ndani na kinanda, tena upande wa pili wa jengo, kila kundi na mtu mmoja anayesoma nota vizuri. Makundi manne yakibaki chumba kimoja yanasubiriana: mwalimu anafundisha soprano, wengine 20 wanachezea simu, na mwanafunzi mwenye test kesho anaanza kuiona kwaya kuwa adui.

Tatizo lingine linalokula muda ni kushuka. Kwaya inaanza beti la kwanza kwenye G, inamaliza la nne kwenye F, kinanda kikipigwa mwishoni watu wanakunja uso. Viongozi husema watu hawako makini, wakati sababu zinajulikana. M na t huimbwa chini kidogo ya mahali pake. Kupanda d hadi r watu hupanda pungufu, kushuka r hadi d hushuka kupita kiasi. Noti inayorudiwa mara nne, ya nne huwa chini ya ya kwanza. Juu ya hayo, watu wamekaa, migongo imepinda, wametoka maabara saa 12 jioni hawajala. Dawa yake: nusu ya mazoezi yawe ya kusimama, wimbo uimbwe polepole kwa "nu" badala ya maneno, kila mwisho wa ubeti kinanda kiguse d, kwa sauti ndogo, ili watu wasikie wenyewe wameshuka kiasi gani. Beti za kwanza mbili hushtua, kisha masikio yanaanza kufanya kazi. Wimbo ukiendelea kushuka baada ya hapo, upandisheni nusu hatua, kwani mara nyingi ufunguo ulioandikwa unawaweka besi au alto mahali pasipo na nguvu.

Kuhusu kinanda tuna onyo moja. Wapiga vinanda wengi wanafunzi hupiga ufunguo wa C tu na kuhamisha kwa kitufe cha transpozi. Hakuna ubaya kwa anayeanza. Ubaya huja kinanda kinapoazimwa na kikundi kingine kikarudi kimewekwa +3, mpigaji akabonyeza C yake aliyoizoea na kwaya ikaanza juu hadi soprano wakapasuka. Mpigaji azime na kuwasha kinanda, aangalie namba ya transpozi iwe 0, ndipo aanze kupanga. Adapta iandikwe jina la kinanda chake kwa wino usiofutika: volti zikizidi au ncha zikipishana, kinanda kinaungua na kikundi kinarudi kuchanga mwaka mzima. Na siku ya umeme kukatika, kwaya inayosoma nota inaomba d kutoka kwenye programu ya kinanda ya simu na kuendelea kuimba.

Kalenda ndiyo moyo wa barua hii. Muhula wa wiki 15 hivi za masomo unatosha nyimbo mpya 6. Wiki ya 1 na ya 2 ni za kupokea na kupima sauti. Wiki ya 3 hadi ya 9 ni za kufundisha, na katika wiki za test mazoezi yanapungua kuwa mara moja bila mtu kuomba ruhusa. Tamasha liwe wiki ya 10, likichelewa sana ya 11. Wiki ya 13 mazoezi yanafungwa kabisa, na mlango ufungwe kweli, maana "tukutane kidogo tu tusipoteze sauti" ndiko kunakozaa sapu. Mwaliko ukija nje ya kalenda, jibu ni nyimbo za zamani au samahani. Kikundi kinachotaka kutumbuiza kwa malipo nje ya chuo kianze kwa kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na kinachotaka kurekodi wimbo wa mtu kimwombe ruhusa mtunzi kabla ya kuingia studio, na kuulizia taratibu COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Sare huonekana jambo dogo, lakini ndizo zinazowakimbiza maskini. Pisi moja ya kitenge ni yadi 6. Gauni linakula yadi 4 hivi, shati la mikono mifupi yadi 2. Kwa hiyo pisi moja ni gauni moja na shati moja, na kwaya ya wanawake 15 na wanaume 13 inahitaji pisi 15. Nunueni siku moja, duka moja, kwa sababu kitenge cha ua lile mkirudi Kariakoo mwezi unaofuata hamkikuti. Ongezeni pisi 3 za kuweka kabatini kwa ajili ya watakaokuja mwaka kesho. Mchango ukusanywe kidogo kidogo kila wiki, si wote kwa mkupuo siku ya bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi), maana wapo wasiopata mkopo na hawatasema.

Pisi hizo tatu za kabatini zinatuleta kwenye jambo linaloua vikundi vingi vya wanafunzi. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905 na bado inapiga taarabu. Mzee wa hapo anaweza kukaa na chipukizi miaka 20 akimwonyesha fidla. Kikundi cha wanafunzi kina miaka mitatu tu, minne kwa fani nyingine, kisha mwalimu, mpiga kinanda na mhazini wanavaa joho na kuondoka siku moja. Mwezi wa Novemba waliobaki wanaanza upya: nota hazijulikani ziliko, nenosiri la akaunti liko kwa mtu aliyeajiriwa mkoani, nyimbo 40 zimebaki kwenye vichwa vya watu waliotawanyika.

Hili linazuilika. Uongozi ubadilishwe mwanzoni mwa muhula wa pili, wakati wa mwaka wa mwisho bado wapo wa kuulizwa, kwani mwishoni wamezama kwenye utafiti wao. Kila mwongozaji awe na wawili chini yake, mmoja wa mwaka wa pili na mmoja wa kwanza, na kila mmoja aongoze angalau wimbo mmoja hadharani kwa muhula. Kila wimbo uwe na namba, na juu ya nota paandikwe jina la mtunzi, ufunguo, mwendo na tarehe ulipofundishwa. Irekodiwe kila sauti peke yake na zote pamoja, faili tano kwa wimbo. Nakala za karatasi zikae kwenye boksi moja linalokabidhiwa kwa sahihi, na nenosiri lijulikane kwa mwenyekiti, katibu na mwalimu, likibadilishwa siku ya makabidhiano.

Kwa uongozi wa vyuo tuna ombi moja. Vikundi vingi vinafanya mazoezi korido au kwenye vyumba vya mihadhara ambavyo mlinzi anakuja kuvifunga wimbo ukiwa katikati. Tunaomba kila chuo kitenge chumba kimoja chenye soketi inayofanya kazi, ubao na kabati la kufuli, kifunguliwe jioni mbili kwa wiki kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 usiku, na ratiba yake ibandikwe kwenye ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi wiki ya kwanza ya muhula, mzazi akipiga simu kuuliza mwanawe yuko wapi saa hizo, aambiwe.

Walimu wa kwaya za wanafunzi,
Dar es Salaam